Kuendelezwa na Nani?

Mwanangu alikuwa amesimama juu ya stuli ya jikoni, kidevu juu, anatamka kama yuko jukwaani Nyerere Square. Shuleni kwao walikuwa wanaandaa ngonjera ya Siku ya Mtoto wa Afrika, na yeye kapewa ubeti wenye haki zote tano. Kuishi, sawa. Kulindwa, sawa. Akifika kwenye kuendelezwa ulimi unamteleza. Mara "kuendelea", mara "kuendeshwa". Mimi nacheka huku nakata kitunguu.

Dada wa kazi alikuwa chini kwenye mkeka anachagua mawe kwenye choroko. Hakuinua kichwa.

"Kuendelezwa na nani?"

Mtoto akamjibu upesi, kwa ile sauti ya darasani: "Na wazazi, na walimu, na serikali!"

"Haya," akasema dada. Akaokota kijiwe, akakitupa kwenye kifuniko cha sufuria.

Ting.

Hiyo "haya" imenikaa kooni wiki ya sita sasa.

Nyumba zetu hizi mnazijua, sina haja ya kueleza dada anafanya nini. Huyu wa kwangu ana miaka 16. Alikuja hapa Nkuhungu, Dodoma, akiwa na 15, katoka kijiji kimoja upande wa Kondoa, kidato cha pili kakiachia njiani. Jina lake silitaji. Nilimwomba ruhusa ya kuandika haya na akanipa kwa masharti mawili: la kwanza ni hilo la jina, la pili nitalisema mbele.

Kitenzi kisicho na mwenyewe

Kiswahili kinatuponza hapa, au kinatusaidia, bado sijaamua. Tuna kuendelea, kuendeleza, kujiendeleza, kuendelezwa. Mzizi mmoja, watu wanne. Anayeendelea anatembea kwa miguu yake. Anayeendeleza kamshika mwenzake mkono. Anayejiendeleza ni yule mtumishi mwenzangu anayesoma shahada ya pili jioni na kusinzia kikaoni asubuhi. Huyu wa nne, anayeendelezwa, yuko peke yake kwenye sentensi. Kuna kazi inafanyika juu yake, na mfanyaji hatajwi.

Mimi si mwanasheria. Ni mhasibu. Lakini nikikosa usingizi huwa nasoma, na wiki zile nilikosa sana usingizi.

Mkataba wa Haki za Mtoto ulipitishwa na Umoja wa Mataifa tarehe 20 Novemba 1989, sisi tukauridhia 1991. Ngonjera zote za Juni zinatoka humo, hata kama walimu wenyewe wamesahau. Haki ya mtoto kuendelezwa iko Ibara ya 6, na ibara yenyewe ni sentensi mbili tu. Ya kwanza inasema kila mtoto ana haki ya kuzaliwa nayo ya kuishi. Ya pili inazitaka nchi zihakikishe, kwa kadiri kubwa inayowezekana, kwamba mtoto anabaki hai na anakua na kuendelea. Nilitegemea orodha ndefu. Nilipoona ni sentensi mbili nilihisi kama nimefungua bahasha ya mshahara katikati ya mwezi.

Lakini sentensi fupi inaweza kubeba gunia. Kamati inayosimamia mkataba huo ilieleza mwaka 2003 kwamba neno hilo lichukuliwe kwa upana wake wote: mwili, akili, roho, maadili, nafsi, na namna mtoto anavyoishi na watu. Hapo nikagundua kwa nini neno hili linatupa shida. Ukimwambia Mtanzania "maendeleo", anaona lami, zahanati na madawati. Ukimwambia "makuzi", anaona kadi ya kliniki na mtoto anayening'inia kwenye mzani. Mtoto anayecheka, anayechoka, anayetaka kuulizwa, hayumo kwenye picha zote mbili.

Halafu kuna Mwalimu Nyerere. Mwaka 1968 aliandika kwamba watu hawaendelezwi; watu hujiendeleza wenyewe. Unaweza kumjengea mtu nyumba, alisema, lakini huwezi kumpa fahari na kujiamini. Nimelelewa na maneno hayo. Sasa mbona tunawafundisha watoto kuimba "haki yangu kuendelezwa"?

Kwa siku kadhaa niliona nimeshinda mjadala. Ngonjera imekosea, Mwalimu yuko sahihi, nikalale.

Haikudumu. Mtu mzima unaweza kumwambia ajiendeleze. Mtoto wa miaka mitatu atajiendelezaje? Anahitaji uji, anahitaji mtu wa kumjibu akiuliza "hii nini", anahitaji mtu wa kumtoa kwenye moto. Utafiti wa afya wa taifa wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Mtoto aliyedumaa hakukosa juhudi. Alikosa mtu, au alikuwa na mtu ambaye naye kakosa.

Kwa hiyo kitenzi kinahitaji mtendaji, na wote tunamkwepa. Hata mataifa yanamkwepa. Jaji Kéba Mbaye wa Senegal alianza kuizungumzia haki ya maendeleo mwaka 1972. Afrika ikaiandika kwenye Ibara ya 22 ya Mkataba wa Haki za Binadamu na Watu mwaka 1981. Umoja wa Mataifa ukatoa Azimio lake tarehe 4 Desemba 1986, kura 146 za ndiyo na moja ya hapana, ya Marekani. Waliosita walikuwa wengine 8. Ukisoma ubishi wa miaka yote tangu hapo, umejaa maneno makubwa ya wanadiplomasia, lakini kiini chake ni swali la dada kwenye mkeka. Sawa, kuendelezwa. Na nani? Nani alipe?

Dunguni

Mwishoni mwa Mei nilichukua likizo ya siku moja nikaenda kwetu, wilaya ya Bahi. Ilikuwa Ijumaa. Nilipeleka sukari na dawa za presha za baba mkubwa, basi.

Mtama wa kuchelewa ulikuwa bado shambani. Katikati, juu ya dungu, kile kichanja cha kuamia ndege, alikaa mtoto wa kaka yangu, miaka 11, shati la shule mwilini na kombeo shingoni. Kutoka pale dunguni kamba zilitambaa mpaka pembe zote za shamba, zimefungwa makopo matupu na mifuko ya nailoni. Akivuta kamba moja, shamba zima linapiga kelele. Kwelea wanainuka kama moshi, wanageuka pamoja, wanakwenda kutua shamba la jirani. Jirani naye anavuta. Wanarudi. Hiyo ndiyo kazi, tangu alfajiri mpaka jua linazama. Serikali huwa inaleta ndege ya kunyunyizia dawa, ndege ya kuua ndege, watoto wanaipenda sana. Lakini haiji kila shamba wala kila siku, na kwelea wanakuja.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Habari za mjini?"

"Nzuri. Mbona leo Ijumaa na mtoto yuko dunguni?"

"Kwelea hawajui Ijumaa."

Nikanyamaza. Akanitazama, akaona sijaridhika.

"Wewe mwenyewe umekaa hapo hapo. Dungu lilikuwa pale karibu na mbuyu. Mbona umekuwa mhasibu?"

Nilicheka, maana baba mkubwa akishakubana namna hiyo huna pa kwenda. Tukala ugali wa uwele na mlenda, tukaongea mengine. Lakini njia nzima ya kurudi, na ile barabara ya Singida ilivyonyooka, nilikuwa nabishana naye peke yangu kwenye gari.

Ni kweli niliamia ndege. Ni kweli nimekuwa mhasibu. Lakini tulikuwa watano dunguni miaka ile, mimi na binti wa jirani na wadogo zetu. Yule binti alikuwa ananiacha mbali kwa hesabu. Mwaka mmoja mtama wa kwao ulichelewa, wa kwetu ukawahi. Mimi nikarudi darasani, yeye akabaki juu ya dungu majuma mengi. Aliporudi, darasa liko kwenye sehemu na desimali. Akakaa dawati la nyuma. Akaacha kunyoosha mkono. Darasa la sita hakulimaliza.

Baba mkubwa anahesabu mimi. Yeye hamhesabu. Hata mimi sikuwa nimemhesabu mpaka siku ile.

Ila sitaki kuandika makala ya mtu wa mjini anayewashutumu watu wa kwao. Dungu lile lilinipa vitu. Nilijifunza kukaa na upweke. Nilijifunza kuona kundi la ndege likiwa bado doa. Nilijifunza kwamba chakula cha nyumba nzima kinaweza kutegemea usinzie au usisinzie, na hilo likimwingia mtoto linamkuza. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, uliopitishwa Addis Ababa mwaka 1990 na sisi tukauridhia 2003, unajua jambo hili. Ibara yake ya 5 inasema ya mtoto kubaki hai na kuendelea, kama ule wa dunia. Lakini ina Ibara ya 31 ambayo wenzetu wa mataifa mengine huishangaa: wajibu wa mtoto. Aisaidie familia, aheshimu wazazi na wakubwa, ahudumie jamii yake, kwa kadiri ya umri na uwezo wake. Mtoto wa Kiafrika kwenye karatasi ile si mgeni wa kuhudumiwa tu.

Kwa kadiri ya umri na uwezo wake. Nilirudia maneno hayo mpaka nikafika Kizota.

Kuna kitu nilikuwa nimekisahau. Mama alikuwa anakuja dunguni kila siku, jua likianza kuwa kali, na uji kwenye kibuyu. Alikuwa ananipokea kamba, na mimi nikinywa, ananiuliza: saba mara nane? Anavuta kamba, makopo yanalia, ndege wanaruka. Hamsini na sita. Tisa mara sita? Hakuwa amesoma sana mwenyewe, na nadhani majibu mengine hakuyajua. Alikuwa anasikiliza kama nimesita. Yule binti wa jirani hakuwa na wa kumpokea kamba. Mama yake alikuwa ameshafariki.

Dungu lilikuwa moja. Kwangu kitenzi kilikuwa na mtendaji, na mtendaji alikuja na kibuyu.

Saa sita

Sasa nifike nilikokuwa nakwepa.

Jumatatu yake, baada ya kazi, nilifungua Sheria ya Mtoto ya 2009. Nia yangu ilikuwa kutafuta la kumwambia kaka kuhusu mwanawe. Kifungu cha 4 kinasema mtoto ni mtu wa chini ya miaka 18. Hilo nilikuwa nalijua, sote tunalijua. Lakini kulijua na kuliona kwenye nyumba yako ni vitu viwili. Nilikuwa nimekaa sebuleni, na aliyekuwa anaosha vyombo jikoni, huku anaimba kwa sauti ya chini, alikuwa na miaka 16.

Nina watoto wawili nyumbani kwangu. Nilikuwa nahesabu mmoja.

Sheria hiyo haimkatazi kufanya kazi. Kifungu cha 77 kinampa mtoto haki ya kazi nyepesi kuanzia miaka 14. Nikapumua. Halafu kinaeleza kazi nyepesi ni ipi: isiyoelekea kudhuru afya au maendeleo ya mtoto, isiyomzuia kuhudhuria shule wala mafunzo ya ufundi. Neno lile lile la ngonjera, nimelikuta kwenye kifungu cha ajira! Nikashuka cha 78, cha kazi ya kinyonyaji. Kazi ni ya kinyonyaji ikimnyima mtoto afya au maendeleo yake, ikizidi saa sita kwa siku, isipoendana na umri wake, au ujira ukiwa hautoshi.

Saa sita.

Nilichukua karatasi. Mhasibu hata akiumia anachukua karatasi.

Anaamka saa kumi na nusu alfajiri, maana basi la shule linapita saa kumi na moja na nusu na mtoto lazima awe ameoga, amekunywa chai, na soksi zote mbili zimepatikana. Anadeki, anafua, anakwenda gengeni, anapika. Mtoto anarudi, anamwogesha, anamsimamia kazi za shule. Jioni tena jiko. Saa tatu na nusu usiku ndiyo anazima taa ya jikoni. Nilikata muda wa kula. Nilikata muda wa tamthilia. Nilikata na ule wa mchana anapojilaza, ambao kusema kweli sijui kama hujilaza, mimi huwa kazini. Nikabaki na saa 11.

Nikajumlisha upya kutoka chini kwenda juu. Zikawa 11.

Nilijitetea, kwa nini nisijitetee. Anakula tunachokula. Ana chumba chake. Simpigi, simfokei, ukiniondolea siku mbili tatu za mwisho wa mwezi. Namlipa shilingi 70,000 na kuna majirani wanaolipa nusu yake. Nilipoona najilinganisha na majirani nikajua utetezi umeishiwa.

Kuna jambo lililonisumbua zaidi, na hili bado sijalimaliza. Elfu 50 kati ya hizo 70 anatuma kwao kila mwezi. Mdogo wake yuko kidato cha kwanza. Ada hakuna, lakini kuna sare, kuna madaftari, kuna chakula cha mchana, kuna baiskeli maana shule iko mbali. Yule mvulana anaendelezwa. Na nani? Na dada yake mwenye miaka 16, kwa mshahara wa nyumbani kwangu. Nikiitii sheria kwa kumfungashia virago, nitakuwa nimenawa mikono yangu na kuwachafulia watoto wawili maisha. Nikimwacha kama alivyo, mimi ndiye yule anayesemwa na kifungu cha 78.

Rafiki yangu mmoja niliyemsimulia alisema, "Unajitesa bure, kila mtu anaishi hivyo." Mwingine akasema, "Mrudishe kwao, utafute mtu mzima." Wote wawili walisema upesi mno.

Na yule mwingine, wa kwangu wa kumzaa? Basi alfajiri, tuisheni mpaka saa kumi na mbili jioni, Jumamosi tuisheni tena, maana Darasa la Nne lina mtihani wa taifa na sisi wazazi tumeshapagawa. Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 8, inapotaja anachodaiwa mzazi, chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu, inamalizia na haki ya kucheza na kupumzika. Mwanangu husinzia akiwa na tonge mkononi. Kwa hiyo nyumba yangu ina mtoto mmoja anayeendelezwa mpaka anasinzia, na mwingine haendelezwi kabisa, na wote hawachezi.

Asilimia 6

Mwaka 2011, Kamati ya Wataalamu ya Afrika kuhusu haki za mtoto iliamua kesi ya watoto wa Kinubi wa Kenya. Ni watoto wa jamii iliyoishi Kenya vizazi na vizazi, lakini wanazaliwa na kukua bila kujua kama watatambuliwa kuwa raia. Kenya ilionekana imewakosea: kwenye usajili wa kuzaliwa na uraia, kwenye ubaguzi, na hata kwenye afya na elimu. Mimi kilichonikamata ni hesabu ndogo katikati ya uamuzi. Kamati ilikuwa inaeleza kwa nini haikusubiri mahakama za ndani zimalize kuvutana. Ikasema mwaka mmoja kwenye maisha ya mtoto ni karibu asilimia 6 ya utoto wake wote.

Moja kugawa kwa 18. Darasa la sita wanaweza. Mimi miaka yote hii nafunga mahesabu ya watu na sijawahi kuigawa hivyo.

Dada alikuwa ametimiza miezi 14 kwangu.

Mkopo ukichelewa, unalipa na riba. Barabara isipojengwa mwaka huu wa fedha, itajengwa mwaka ujao. Ndiyo maana, nadhani, maendeleo ya nchi na ya mtoto hayafanani ingawa tumeyapa jina moja. Nchi ina kesho nyingi. Ibara ya 6 inaposema "kwa kadiri kubwa inayowezekana", mwanzoni niliisoma kama kichaka cha serikali kujifichia, maneno ya watu wanaojua bajeti haitatosha. Sasa naisoma kwa uchungu kidogo: inauliza ulichokuwa nacho siku ile, mtoto akiwa bado mtoto, ulikifanyia nini. Na sijui kwa nini nilidhani swali hilo ni la wizara peke yake.

Alichotaka

Nilimwita sebuleni Jumamosi usiku, nikamwambia akae kwenye kochi, siyo kwenye mkeka. Akashtuka. Alidhani namfukuza.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilishaulizia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, wana njia ya wasichana waliokatisha sekondari. Nilishapiga hesabu ya nauli ya daladala. Nilishapanga hata cha kusema akinishukuru, Mungu anisamehe.

"Nataka kujua wewe unataka nini."

Akatazama vidole vyake.

"Nataka Jumapili, mama."

"Jumapili kufanya nini?"

"Kuna timu ya mpira wa pete pale kanisani. Wanacheza saa tisa."

Nikasubiri aendelee. Hakuwa na la kuendelea. Nikamwuliza, na shule? Akasema shule anaipenda, ataenda, lakini kwa sasa hivi akifika saa tatu usiku macho hayasomi, na yeye hataki kuanza kitu halafu akiache tena. "Nilishaacha mara moja," akasema. "Tuanze na Jumapili."

Ibara ya 12 ya ule mkataba wa Umoja wa Mataifa inasema mtoto asikilizwe kwenye mambo yanayomhusu. Hilo nalo limo kwenye ngonjera, ni haki ya nne, kushirikishwa. Mimi nilikuwa nimeshapanga mradi mzima, wenye bajeti na nauli, bila mhusika. Nilikuwa nataka kumwendeleza.

Tulikubaliana hivi. Jumapili ni yake kuanzia asubuhi. Mtoto atafua soksi zake na kutandika kitanda chake, ana miaka 10, nikiwa na miaka hiyo nilikuwa na shamba zima la mtama. Nimetafuta mama mmoja wa jirani anakuja kufua Jumanne na Ijumaa. Hela yake nimeitoa kwenye tuisheni ya Jumamosi, ambayo imekufa kifo chema. Baba yake mtoto yuko Mwanza kikazi, nilimwambia kwa simu, akaguna, nikaichukua kama ndiyo. Saa za dada zimeshuka mpaka nane na kidogo. Sita bado hazijafika. Naandika hivyo makusudi, msije mkadhani nimefika. Masomo tumesema Januari, na tarehe nimeiandika kwenye mlango wa friji ili nisijifanye nimesahau.

Mtoto wa kaka yangu bado dungu linamdai. Nilimpigia kaka, tukagombana kidogo, akaniuliza kama mimi nitakwenda kuvuta zile kamba. Swali la haki. Msimu ujao nimeahidi kuchangia hela ya kumlipa mtu mzima wa kuamia siku za shule. Tutaona.

Na lile sharti la pili. Dada alisema nikiandika, niandike kwamba ile ngonjera ni yeye aliyemfundisha mtoto. Ni kweli. Mwalimu aliwapa karatasi. Mimi nilikuwa nakata vitunguu na kucheka. Aliyekaa naye usiku baada ya usiku, akimkatia neno vipande vipande, ku-e-nde-le-zwa, mpaka ulimi ukaacha kuteleza, ni yeye. Tarehe 16 Juni mwanangu aliisema yote bila kujikwaa, na wazazi tuliokaa kwenye viti vya plastiki tukapiga makofi, na mwalimu akatushukuru wazazi.

Jumapili iliyopita alichelewa. Alitakiwa awe amerudi saa kumi na mbili, ikafika saa moja kasoro, upepo wa Dodoma umeanza kuuma, giza linaingia, na mimi niko mlangoni nimekunja mikono. Akatokea kwenye kona, viatu mkononi, miguu myeupe kwa vumbi mpaka magotini. Nilikuwa na maneno tayari mdomoni.

"Mmeshinda?" nikauliza.

"Tumefungwa 14 kwa 9, mama."

Akaenda kuoga.